Wosia wa Damu: Ila, Aibu na Sitara

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate na mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi ambao wapenzi wa ushairi wa Kiswahili hawahitaji kuelezwa habari zake. Yamesemwa mengi juu ya mawaidha yaliyomo: haki ya Mola, haki ya mume, adabu ya ulimi, usafi wa nyumba na wa mwili. Lililosemwa kwa uchache ni lile linalotangulia mawaidha yote hayo. Mama yule anaeleza tangu mwanzo kwamba ni mgonjwa, kwamba maradhi yamemshika kwa muda wa mwaka, na kwamba katika muda huo hakupata nafasi ya kumwambia mwanawe yaliyo mazuri. Maradhi ndiyo mlango wa utenzi ule. Mama anayataja kwanza, kisha ndipo anapoanza kuusia.

Katika wosia wa kawaida mtu huacha mali, na asiye na mali huacha maneno. Wako watu, hata hivyo, ambao huacha kitu cha tatu, wasichokipata kwa jasho wala kukichuma kwa kosa: huacha maradhi yaliyomo katika damu. Hapo huzuka swali ambalo si la madaktari peke yao. Mama anayejua kwamba damu yake inabeba maradhi, je, ana wajibu wa kumwambia binti yake, hata ikiwa kusema ni kujivua sitara aliyolelewa kuilinda maisha yake yote?

Swali hili huonekana wazi zaidi katika maradhi moja adimu ambayo madaktari huyaita anjioedema ya kurithi, yaani uvimbe wa ghafla unaokwenda na ukoo. Asili yake ni upungufu wa protini ya damu iitwayo kizuizi cha C1, au protini hiyo kuwepo lakini isifanye kazi yake. Kizuizi hicho kikipungua, mwili huzalisha kupita kiasi kemikali iitwayo bradikinini, ambayo huilegeza mishipa midogo ya damu hata maji yakavuja na kujaa katika nyama. Basi hufura mkono, au uso, au miguu, au sehemu za siri. Uvimbe ukiwa ndani ya tumbo, mtu hugaagaa kwa maumivu na kutapika. Ukiwa kooni, pumzi huzibika. Hauwashi, wala hauambatani na vipele vya mzio. Kwa kawaida hukaa siku mbili hadi tano, kisha ukaondoka wenyewe kana kwamba haukuwahi kuwepo. Dawa za mzio hazifui dafu mbele yake, wala stiroidi, wala adrenalini.

Inakadiriwa kuwa humpata mtu mmoja katika kila watu 50,000, wa rangi yoyote na wa bara lolote. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773. Kwa makadirio hayo, wenye maradhi haya visiwani wangetazamiwa kuwa thelathini na kitu. Ni idadi ya kuenea katika ukumbi wa nyumba moja, na kwa uchache huo ni rahisi kila mmoja wao kudhani kuwa yuko peke yake duniani.

Urithi wake una hesabu nyepesi. Mzazi mmoja tu akiwa nayo, baba au mama, kila mtoto huzaliwa akiwa na nusu ya uwezekano wa kuwa nayo, na kila mimba ni kura mpya. Haihitaji ndoa ya binamu, kama wengi wanavyodhani juu ya kila maradhi ya ukoo. Katika mirathi ya mali fungu la binti ni nusu ya fungu la nduguye wa kiume. Katika mirathi hii mafungu ni sawa kwa sawa. Yasiyo sawa ni mzigo wake. Homoni ya kike iitwayo estrojeni huyachochea maradhi haya, kwa hiyo wasichana wengi huyaona yakianza au kuzidi wanapovunja ungo. Wengine huyaona yakija na hedhi. Mimba nayo haina kanuni: mmoja hupata nafuu, mwingine huzidiwa, na mwanamke yule yule huweza kupumzika katika mimba moja na kuteseka katika nyingine. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huweza kuyaamsha hata kwa aliyekuwa hajawahi kuyajua. Mwaka 2000 Konrad Bork na wenzake nchini Ujerumani walieleza aina nyingine ambayo kizuizi cha C1 kimo kamili katika damu, na katika jamaa 10 walizozichunguza walioumwa wote walikuwa wanawake. Baadaye walionekana wanaume pia, lakini wachache, kwani mwanamume huweza kuibeba aina hiyo na kuirithisha bila ya yeye mwenyewe kuumwa.

Na achukuliwe mwanamke mmoja wa kufikirika, asiye na jina, katika mji wowote wa pwani. Kila mwezi tumbo humfura na kumkata kwa siku tatu. Nyumbani huambiwa ana chango, hupewa dawa za miti, na siku tatu zikipita dawa hupata sifa isiyostahiki. Siku moja hupelekwa hospitali, akapasuliwa kwa kudhaniwa ana kidole tumbo, na ndani pasionekane kitu. Upasuaji wa bure wa namna hiyo umewafika wagonjwa wa maradhi haya katika nchi nyingi. Siku nyingine uvimbe humtokea mahali ambapo hawezi kumwonyesha mama yake, sembuse daktari mwanamume. Alama mbili ambazo zingemfumbua macho daktari ni kwamba uvimbe hufuata hedhi, na kwamba shangazi yake alikufa kwa kuzibwa koo usiku wa kuamkia siku ya pili baada ya kung'olewa jino. Alama ya kwanza adabu imemfunza asiitamke. Ya pili hakuambiwa. Mama yake anaijua, na amenyamaza.

Mama huyo hakunyamaza kwa ukatili. Amenyamaza kwa sababu ana binti wengine hawajaposwa, kwa sababu wifi zake walikwisha kumwita mwenye mkosi, na kwa sababu anaona kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Kila mwezi anamkandia binti yake tumbo kwa maji ya moto, akijua asichokisema. Aliyewahi kuona mapenzi ya namna hiyo hawezi kuyadharau. Lakini mapenzi hayamwondolei mtu swali la haki.

Ukimya huo nao haukai mtupu. Hujazwa na maelezo mengine. Watasema ni husuda, watasema ni jini, watasema ni laana ya mtu aliyedhulumiwa zamani. Wala haya si ya pwani peke yake. Mwaka 1851, miaka saba kabla ya utenzi wa Mwana Kupona, Nathaniel Hawthorne wa Marekani alitoa riwaya yake The House of the Seven Gables, inayohusu ukoo ambao baadhi ya wazee wake hufa ghafla, damu ikiwagugumia kooni. Watu husema ni laana ya mtu aliyenyongwa kwa tuhuma za uchawi wakati kiwanja chake kilikuwa kikitamaniwa na mkubwa wa ukoo huo. Riwaya yenyewe mwishoni huelekea kuona kuwa kifo hicho kilikuwa jambo la mwili lililorithiwa, na wako waandishi wa tiba waliodhani kwamba Hawthorne alikuwa akielezea maradhi haya haya pasi na kuyajua. Iwe kweli au isiwe, hadithi hiyo inaonyesha njia mbili ambazo ukoo hupitia. Njia ya laana humtafuta mwenye hatia, na njia ya urithi humtafuta mgonjwa mwingine kabla hajafa.

Njia ya pili ilifunguliwa mwaka 1888, pale daktari William Osler, akiwa Philadelphia, alipoandika habari za ukoo mmoja ulioandamwa na uvimbe huu kwa vizazi vitano. Lakini hata jina lililotumika enzi hizo liliyanasibisha maradhi na neva, na kwa mwanamke neno hilo lilikuwa hukumu: kwamba anahangaika tu, kwamba maumivu yako kichwani mwake. Ilichukua miaka 75 mpaka mwaka 1963, Virginia Donaldson na Richard Evans walipogundua kwamba kilichopungua ni kizuizi cha C1. Tangu hapo upungufu huo unaweza kupimwa kwa tone la damu, na kile kipimo hakina neno la kusema juu ya tabia ya mtu. Zaidi ya hayo, yapata robo ya wagonjwa ni wa kwanza katika ukoo wao. Badiliko la jeni lilianza kwao wenyewe. Huko nyuma yao hakuna babu wa kulaumiwa.

Hapa lugha yenyewe inaweza kusaidia. Kiswahili kina maneno matatu ambayo aghalabu huchanganywa: ila, aibu na sitara. Ila ni kasoro ya kitu au ya mtu, na wahenga walikwisha kusema kwamba hakuna kizuri kisicho na ila. Katika Kiarabu, lilikotoka neno hilo, maana yake moja ni maradhi. Aibu nayo huko ilikotoka ni kasoro vilevile, lakini katika vinywa vya Waswahili imehamia upande wa fedheha: aibu humpata mtu kwa alilolitenda au kwa lililotendwa na wa kwao. Ndipo kosa la kwanza linapofanyika. Maradhi ya damu ni ila, yakatendewa kama aibu. Mgonjwa akawa kama mtu aliyefumaniwa, na jamaa zake wakamfunika kama wanavyomfunika aliyekosa.

Kosa la pili ni katika kuifahamu sitara. Neno hili halina maana ya kuficha peke yake. Nguo humsitiri mtu na macho ya watu, na humsitiri na baridi pia; nyumba humsitiri na wapita njia, na humsitiri na mvua. Kumsitiri mtu ni kumkinga. Basi kitambaa kikifunika donda mpaka likaoza, hakijasitiri kitu. Binti ambaye hakuambiwa hatari iliyomo mwilini mwake ameachwa wazi mbele ya jambo baya kuliko macho ya majirani. Na hao wahenga walioihimiza sitara ndio waliosema pia kwamba mficha uchi hazai, kwani walijua wakati ambapo kufunua ndiko kuokoa.

Wako watakaopinga, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni posa. Binti akijulikana kuwa na maradhi ya ukoo, nani atabisha hodi? Hofu hii ni ya kweli, na wanaoilipia ni wanawake zaidi ya wanaume, ingawa baba naye hurithisha sawasawa. Mtu anaweza kujibu kwa kanuni ya sokoni, kwamba muuzaji ni lazima aeleze kasoro ya bidhaa. Jibu hilo halifai, maana mwanamke si bidhaa wala mamaye si mchuuzi. Jibu lililo bora ni kwamba mume atakayelala chumba kimoja naye ndiye atakayeamka usiku sauti yake ikibadilika na mate yakimshinda kumeza. Asiyeambiwa atadhani ni mafua, na saa ya kumkimbiza hospitali itapita. Anayeambiwa akakimbia, amekimbia mapema. Ni msiba mdogo ukilinganishwa na ule wa kuwa na mume asiyejua afanye nini.

Hoja ya pili ni ya hofu: kwa nini kumtia mtoto wasiwasi wa jambo ambalo huenda hana? Ni kweli kwamba nusu ya watoto hawatakuwa nayo. Lakini mtoto aliye nayo hapumziki na hofu kwa kutoambiwa. Mwili wake unamwambia kila mwezi, na kinachokosekana ni jina. Maumivu yasiyo na jina hutisha kuliko yenye jina.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: kujua kuna faida gani pasipo na dawa? Dawa zipo duniani. Kipo kizuizi cha C1 kinachotolewa katika utegili wa damu za watu, ambacho ndicho madaktari hukichagua kwanza kwa mwenye mimba. Ipo ikatibanti, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2008, ambayo mgonjwa hujichoma mwenyewe chini ya ngozi. Ipo lanadelumabu ya mwaka 2018 ya kuzuia mashambulio, na mwaka 2025 Marekani iliidhinisha kidonge cha kumezwa shambulio linapoanza. Lakini bei ya baadhi ya dawa hizi huko Marekani hufikia mamia ya maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na kumtajia haya mwanamke asiyeweza kuzipata huweza kuonekana kama dhihaka.

Hata hivyo, iko hesabu moja inayojibu hoja hii. Mwaka 2012 Bork na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa jamaa zenye maradhi haya. Waliwakuta watu 70 waliokufa kwa kuzibwa koo. Kati yao 63 walikuwa hawajatambuliwa kuwa na maradhi haya. Waliokuwa wakijulikana ni 7 tu. Kujua peke yake kuna kinga ndani yake. Anayejua hatapewa vidonge vyenye estrojeni. Hatapewa zile dawa za shinikizo la damu za jamii ya kaptoprili na enalaprili, ambazo kwake ni hatari. Atamwambia daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino, na mkunga kabla ya kujifungua. Hatakubali kupasuliwa tumbo kabla damu yake haijapimwa. Akihisi koo linakaza hatangoja asubuhi, bali atakwenda mahali ambapo njia ya pumzi inaweza kufunguliwa, na pasipo na dawa zile za ghali huenda akatiliwa utegili wa damu au akapewa asidi ya traneksamiki, ambayo si ghali. Mambo haya karibu yote hayana bei. Gharama yake ni neno la mama.

Wajibu huu hauko kwa mama peke yake, kwani kusema kunahitaji mtu wa kusikia. Tangu mwaka 1976 ilijulikana kwamba danazoli, dawa ya jamii ya homoni za kiume, huzuia mashambulio, na kwa miaka mingi ilitolewa kwa wanawake wengi. Iliwaletea pumzi, na kwa baadhi yao iliwaletea sauti nzito, nywele za usoni, kunenepa na kupotea kwa hedhi. Na kwa mwenye mimba ya mtoto wa kike hufika kumdhuru aliye tumboni. Dawa hiyo haikuwa udanganyifu, na kwa wasio na nyingine huenda bado ikafaa. Lakini mwanamke anayeambiwa ainunue pumzi yake kwa sauti yake ana haki ya kuulizwa kwanza, na kuelezwa bei yote. Daktari asiyeuliza juu ya hedhi kwa kuona haya, na asiyeeleza madhara kwa kuona hayamhusu, ameungana na mama katika ukimya ule ule, tena bila ya udhuru wa mapenzi.

Linabaki swali la namna. Kusema si kutangaza barazani. Pwani haikukosa chombo cha kuyasema yasiyosemwa hadharani: msichana alipovunja ungo alikabidhiwa somo, mwanamke wa kuaminiwa, akafundishwa faraghani mambo ya mwili wake ambayo hata mama aliona haya kuyatamka. Hekima ya mpango ule ilikuwa kwamba sitara haikuwa sababu ya kumwacha mwari gizani. Ilikuwa sababu ya kumchagulia mahali na mtu wa kumwelimisha. Maradhi ya damu yanaweza kupita njia hiyo hiyo. Binti aambiwe kabla ya kuvunja ungo, kwa maneno ya umri wake. Mchumba aambiwe kabla ya nikaha, na binti mwenyewe au kwa ridhaa yake. Ndugu wa damu waambiwe, wa kiume na wa kike, kwa sababu ni mwili wao pia. Mtaa hauna haki ya kuambiwa.

Na hapo ndipo mipaka ya lawama inapojulikana. Mama hakuichagua damu yake, na hakuna atakayemwuliza kwa nini alizaa. Mwanamke aliyepima nusu ile ya uwezekano akaamua kuzaa, na aliyepima akaamua kutozaa, wote wawili wameamua jambo lililo lao. Linaloweza kuulizwa ni moja tu, nalo ni kile alichokijua akakinyamazia, ilhali aliyekihitaji alikuwa amelala chumba cha pili.

Katika utenzi wake Mwana Kupona anamtaka binti yake asogee karibu, aje na wino na karatasi. Mama wa maradhi haya anaweza kuanza vivyo hivyo. Katika karatasi hiyo pataandikwa jina la maradhi. Dalili zake, na kwamba si mzio. Kipimo cha damu kinachoyatambua. Dawa za kuepukwa. Jina la shangazi, na jinsi alivyokufa. Mawaidha mengine yanaweza kufuata chini yake.